Dorcas kwenye Jiwe la Mpaka

"Nikikwama usininong'oneze," Wilfrid alimwambia mkewe mlangoni. "Hata neno moja, Dorcas. Niapie. Nikishindwa, basi kazi hii wampe mwingine."

Dorcas akaapa, huku akimfunga vizuri skafu shingoni.

Kila Mei, kwa miaka ishirini na sita, Wilfrid aliwaongoza wageni kuona mambo ya kale ya kijiji, bila karatasi. Lakini tangu Krismasi maneno yalikuwa yakimponyoka, na leo Bwana Pettifer wa kamati ya kijiji alikuja kumpima, daftari kwapani.

Kanisani alisimulia bila kigugumizi. Kwenye zizi la kale la kufungia mifugo iliyopotea aliwavunja wageni mbavu. Kwa mhunzi alitaja hata jina la farasi wa mwisho kuvishwa viatu vya chuma pale. Dorcas akashusha pumzi.

Walipofika kwenye jiwe la mpaka, ukingoni mwa shamba la shayiri, Wilfrid aliweka kiganja juu yake. "Jiwe hili..." Akalipapasa. "Jiwe hili..."

Pettifer akafungua daftari.

Habari yote ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Dorcas. Akaung'ata. Kisha akawageukia vijana wawili wenye mabegi mgongoni.

"Wanangu, nishikeni makwapani. Ninyanyueni, mnibamize matako hapo juu ya jiwe."

"Bibi, u mzima kweli?"

"Mzima kuliko nyie. Haya, nyanyueni!"

Wakambamiza mara moja, kwa woga. Mara ya pili. Mara ya tatu Wilfrid akaangua kicheko.

"Ndiyo kubamiza huko? Mimi walinibamiza hasa! Kila masika mchungaji wa kanisa alizunguka mipaka na watoto, na kila jiwe lilikuwa na mtoto wake wa kubamizwa, ili hata akizeeka asisahau ardhi yetu inapoishia. Nilikuwa na miaka minane. Na huyu mwanamke, kitoto cha miaka saba, alinicheka mbele ya kijiji kizima!"

"Ulilia kama ndama," alisema Dorcas.

"Na wewe umevunja kiapo."

"Neno gani nililokwambia?"

Pettifer alikuwa akifuta miwani yake, muda mrefu kupita kiasi. "Na mwakani, Wilfrid?"

Wilfrid alimtazama mkewe, aliyekuwa bado amekaa juu ya jiwe akijisugua nyonga. Akamnyooshea mkono kumwinua.

"Mwakani tutaongoza wawili," alisema. "Mimi nitazungumza. Yeye atabamizwa."