Jina la Anayekuhudumia

Kurasa tatu za mwanzo za fomu ya fidia kinyozi alizijaza kwa mkono wa kushoto, neno moja moja, lakini majibu aliyajua. Siku ya ajali aliikumbuka. Alikuwa abiria, kiti cha nyuma cha teksi, lori likatokea njia ndogo bila kusimama. Mkono wake wa kulia ulivunjika sehemu mbili, na vidole vitatu mpaka leo havikunjiki. Ukurasa wa nne ndio uliomkwamisha. Uliuliza jina la anayekuhudumia nyumbani, uhusiano wenu, tangu lini, na sahihi yake.

Aliuacha mtupu. Akaupeleka hivyo hivyo ofisi ya msaada wa sheria, kwa mwanamama ambaye wateja wote walimwita Mama Sheria.

"Kaka, hapa umeruka."

"Sijaruka, dada. Hakuna mtu."

"Anayekuvisha nani?"

"Shati nalifunga vifungo likiwa kitandani, halafu naliingia kama gunia."

Mama Sheria alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

"Sikiliza. Abiria hana kosa, hukushika usukani wewe. Bima ya lori itakulipa, hilo halina ubishi. Ila njia ni mbili. Utie sahihi leo, wakurudishie gharama za hospitali, na usidai tena maisha yako yote. Au udai kila kitu: matibabu, kipato ulichokosa, maumivu, na msaada wa nyumbani mpaka mkono urudi. Wakikataa, tunakwenda mahakamani. Lakini ukurasa huu ukibaki mtupu watasema hukuumia sana, kwa sababu hukuhitaji mtu. Niletee Ijumaa."

Kinyozi alirudi chumbani na swali la ukurasa wa nne kichwani. Miaka ishirini alishika vichwa vya watu. Alijua binti wa nani anaposwa na jino la nani linauma. Kibanda chake cha kunyolea kilipofungwa baada ya ajali, wateja walihamia kiti kingine. Nywele hazisubiri mtu. Wawili walikuja kumjulia hali juma la kwanza, naye akawaambia mlangoni, "Mkwaruzo tu, jamani, nipo imara." Wakamwamini, wakaenda zao.

Jioni alimpigia simu mdogo wake wa kike, anayeishi mbali.

"Ajali? Ajali ipi?"

Akamweleza.

"Miezi mitatu, kaka! Hata paka akivunjika mguu, mwenye nyumba anaambiwa!"

"Una watoto wadogo. Sikutaka kukusumbua."

"Ningekuja nao mgongoni."

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungepiga."

Alipokata simu alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka miguu ikafa ganzi. Siku zote alikuwa akijiambia kwamba watu wamemkimbia. Kumbe mlango aliufunga mwenyewe, kwa ndani, akabaki kusikiliza kama kuna anayebisha.

Alhamisi alibisha yeye. Ukuta kwa ukuta naye aliishi fundi viatu mmoja, mzee aliyefiwa na mke siku nyingi, ambaye kwa miaka sita walipeana salamu za koridoni tu.

"Karibu, jirani! Kila jioni nasikia sufuria ikianguka, kisha matusi. Nikasema, huyu sasa kashika chupa." Ndipo alipouona mkono, na zile ndevu zilizoota ovyo kama magugu. "Ala! Kinyozi hajinyoi, lakini wewe umezidi."

Kinyozi alicheka. Sauti ya kicheko chake mwenyewe ilimshtua. Akaeleza yote, akatoa fomu.

"Lete kalamu," fundi viatu alisema. "Tangu lini? Tuandike siku ya ajali, tuwakomoe hao wa bima."

Kalamu ilikuwa tayari juu ya mstari. Neno moja tu, na ukurasa ungejaa. Kinyozi aliutazama mkono wa yule mzee, mweusi kwa rangi ya viatu, ukimsubiri.

"Hapana, mzee wangu. Hukuwepo."

"Kwani niliitwa?"

"Hukuitwa. Ndiyo maana hatuwezi kuandika hivyo."

Fundi viatu alikuna kidevu. "Basi tuandike leo. Na hilo shati livue, linanuka." Akainuka kutafuta beseni.

Ijumaa walikwenda pamoja. Mama Sheria alisoma, akashusha miwani.

"Tangu jana tu? Na ile miezi mitatu?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Watakuuliza nani shahidi."

"Hayupo, dada. Lakini haikuwa kwamba sikuhitaji mtu."

Mama Sheria alivuta karatasi nyeupe kutoka kwenye saraka ya meza.

"Basi waandikie hivyo. Siku moja, tangu kuamka mpaka kulala, unafanyaje kwa mkono mmoja. Daktari wako naye athibitishe. Siwezi kukuahidi kwamba watalipa, ila hawataweza kusema hukusema."

Kinyozi alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Herufi zililala, nyingine zikapandiana. *Nikiamka nakaa kwanza, nafikiria nguo ipi haina vifungo.* Sentensi hiyo moja ilimchukua muda mrefu kiasi kwamba alianza kuona haya. Akageuka kumtazama fundi viatu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, amefunga kibanda chake siku nzima kwa ajili ya hili.

"Mzee wangu, nakuchelewesha."

"Andika," fundi viatu alisema, akajiegemeza ukutani. "Andika yote. Mimi sina haraka."