Ng'ambo ya Barabara ya Kessler

Noreen Sadowski alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, kichwa cha mwanawe mapajani, simu mkononi, na kidole chake kimegoma kubonyeza. Curtis alikuwa anatikisika mwili mzima. Visigino vyake vilikuwa vinagonga mlango wa oveni bila kupumzika, na supu ya nyanya iliyomwagika ilikuwa inasambaa polepole kuelekea kwenye suruali yake. Noreen alinyoosha mkono akavuta taulo, akalikunja na kuliweka kati ya visigino na mlango.

"Basi, baba, basi," alinong'ona. "Usigonge mlango, watasikia."

Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: kifafa kikipita dakika tano, usisubiri, ita gari la wagonjwa, maana kikizidi hapo kinaua. Noreen aliikodolea macho saa ya oveni. Aliogopa saa, na aliiogopa simu zaidi. Miaka yote aliyomlea Curtis peke yake hakuwahi kuogopa kitu kama alivyoiogopa simu ile.

Kikamwachia. Curtis akashusha pumzi ndefu yenye povu, akalegea. Noreen alikuwa bado anamfuta mdomo mlango ulipogongwa.

"Noreen, fungua. Ni mimi, Denny."

Denny Kerrigan, polisi. Walisoma darasa moja, na shuleni alizoea kuazima penseli zake asizirudishe.

"Hatujapiga simu," Noreen alijibu huku mlango umefungwa.

"Najua. Lutz ndiye kapiga. Anasema kuna mtu anavunja nyumba."

Nyumba ya Lutz na yake zilikuwa pacha, ukuta mmoja katikati, vibaraza vimegusana. Tofauti ni kwamba Lutz alikuwa ameinunua ya kwake na Noreen alikuwa amepanga. Wexley ni kimji ambacho mtu akipiga chafya mtaa wa kwanza, wa mtaa wa mwisho anamwombea afya. Lakini kina meya wake, baraza lake, polisi wake na gari lake la kusukuma theluji, na vyote hivyo vinamtambua mtu kwanza kwa jambo moja: amenunua au amepanga.

Alifungua. Asingefungua ingekuwa mbaya zaidi.

Curtis alikuwa ameinuka amekaa, macho wazi lakini bado hajarudi. Akizinduka huwa hamjui mtu, hata mama yake, na kila anayemsogelea ni adui. Aliona sare ya bluu. Denny alipoinama kumshika bega, Curtis alirusha mkono, na kofia ya polisi ikaangukia kwenye supu.

Denny hakukasirika. Aliiokota kofia, akaitikisa juu ya sinki.

"Itabidi niandike fujo, Noreen."

"Fujo gani, Denny? Ni kifafa! Unamjua mtoto huyu tangu yuko tumboni!"

"Mimi namjua. Sheria haimjui." Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. "Kampiga afisa, jirani kalalamika. Hii ya pili. Ikifika ya tatu, hata mimi sina la kukusaidia."

Sheria yenyewe watu waliiita ya Nyumba Korofi. Nyumba ya kupanga ikiitiwa polisi mara tatu kwa fujo ndani ya miezi minne, mwenye nyumba anamtoa mpangaji, la sivyo ananyang'anywa leseni ya kupangisha. Aliyenunua nyumba yake haimhusu, hata akitwangana na mkewe kibarazani kila Jumapili. Na Wexley ukiita gari la wagonjwa, polisi ndiye anayetangulia, kwa sababu kituo kiko hapo kona na hakina kazi nyingi. Ya kwanza ilipatikana hivyo hivyo: Noreen aliita daktari, akaletewa Denny.

Siku hiyo hiyo ya supu mwenye nyumba, Carbone, alimpigia. Alishaambiwa. "Nakupenda kama dada yangu, Noreen, unajua hilo. Lakini ikifika ya tatu, usinililie." Na mpangaji aliyetolewa kwa ukorofi hapokelewi tena popote pale. Kwa Noreen hiyo ilikuwa na maana ya kulala garini na mgonjwa wa kifafa, msimu wa baridi.

Hofu ikahamia nyumba ile, ikawa mpangaji wa tatu. Noreen aliufunika mlango wa oveni kwa blanketi, akatoa meza, akasimamisha magodoro ukutani upande wa Lutz. Kazini, katika jiko la shule, sahani ikianguka tu anaruka. Curtis naye aliacha kuimba bafuni. Mwanamume wa miaka ishirini na sita, akawa anatembea kwa soksi ndani ya nyumba yao.

Baraza hukutana ghorofani, juu ya gereji ya gari la zimamoto. Noreen alivaa gauni lake la kanisani, akakaa safu ya nyuma. Walisimama wote, mkono kifuani, wakaiapia bendera. Kisha wajumbe wakajadili maua ya vikapu vinavyoning'inizwa kwenye nguzo za taa: yawe ya zambarau kama mwaka jana, au mekundu? Mama mmoja alisema mekundu yanavuta nyuki. Lilikuwa suala zito, na walilipa uzito wake. Noreen alisubiri.

Hatimaye Bwana Hostetter, mwenyekiti, akatazama ukumbini. Alikuwa wakala wa bima, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa.

"Wananchi wenye maoni. Dakika tatu kila mmoja. Jina na unapoishi, tafadhali."

"Noreen Sadowski. Barabara ya Kessler."

"Umenunua au umepanga?"

"Nimepanga."

Mjumbe mmoja akafungua chupa yake ya maji. Karani akawasha kitaa cha kijani mezani.

"Mwanangu si mkorofi," Noreen alianza, kama alivyofanya mazoezi mbele ya kioo. "Ana kifafa. Akizinduka anaogopa, anarusha mikono. Naomba mseme jambo moja tu, kwamba ugonjwa si fujo. Maana sasa akianguka naogopa kuita msaada. Namtazama tu. Siku moja atanifia mikononi namtazama."

Hostetter aliinamisha kichwa.

"Pole sana, Bi. Sadowski. Sote hapa tunamwombea kijana. Lakini sheria hii haitaji ugonjwa, wala haitaji jina la mtu. Inahesabu simu, basi. Ndiyo uzuri wake. Haina upendeleo."

"Lakini afande ndiye anayeandika kwamba ni fujo."

"Afande ana uhuru wa kuamua. Baraza haliwezi kumwingilia."

"Nikimuuliza yeye, anasema ni sheria ya baraza."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Hostetter mwenyewe akacheka. "Basi naona tunaelewana vizuri, sisi na polisi wetu." Kitaa kikawa chekundu. "Muda wako umekwisha, mama. Asante kwa kushiriki. Kimji kidogo ndivyo kinavyoendeshwa, kila mtu anasikilizwa."

Wakarudi kwenye maua.

Denny alikuwa mlangoni chini, zamu yake ya kulinda kikao. Alimwona Noreen anavyoshuka ngazi kwa kushikilia ukuta, akamsogelea.

"Mimi sikuambii kitu, sawa?" alisema huku anatazama pembeni. "Ila ng'ambo ya Kessler ni Orrin, mji mwingine. Mpaka uko katikati ya lami, pale kwenye mistari ya manjano. Mtu akiangukia upande ule, wanaitwa wenzetu wa Orrin. Mimi wala siitwi. Na kwa hesabu za Wexley, hakuna kilichotokea."

"Unataka nimtoe mwanangu barabarani?"

"Sijasema hivyo. Nimekuambia mpaka ulipo."

Noreen alimshukuru, na alimshukuru kwa dhati.

Wakaanza mazoezi. Kifafa cha Curtis mara nyingi hubisha hodi: anasikia harufu ya mpira unaoungua kabla hakijamwangusha. Wakakubaliana kwamba akiisikia tu, aache lolote analofanya, atoke, avuke barabara, akaketi kwenye benchi la kituo cha basi upande wa Orrin. Noreen afuate na simu. Walivuka na kurudi, kushoto kulia kushoto, mama na mwana, huku magari yakiwapigia honi.

"Mama, tuhamishe na meza kabisa," Curtis alisema wakiwa kwenye benchi. "Mimi nile Orrin, nilale Wexley. Nitaomba na pasipoti."

Alicheka, kisha akaacha. "Na siku ikinikuta katikati ya barabara?"

"Haitakukuta."

"Ikinikuta?"

Noreen alimfunga zipu ya koti kama mtoto mdogo.

Mara ya kwanza ilifanya kazi. Curtis alisikia harufu akiwa anapasua mayai, akaweka mwiko chini, akavuka. Alianguka hatua chache kabla ya benchi, kwenye majani ya nyumba ya Bi. Petrakis, mpangaji wa upande ule, bibi wa Kigiriki anayeishi na mume mgonjwa wa moyo. Bibi alitoka na shali lake mwenyewe akamfunika. Noreen alibonyeza simu bila kutetemeka, kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Polisi wa Orrin walikuja, wakawa wapole, wakamwita bwana. Walipotoka hospitali Noreen alikaanga pirogi, maandazi ya viazi, sahani nzima, na walikula wakichekacheka. Baadaye, akiosha vyombo, aliona aibu kwa furaha ile. Alikuwa anashangilia kwamba mwanawe ameangukia mahali pazuri.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo wazima moto huukaangia mji chapati ili kuchangisha fedha. Mji wote ulikuwa ukumbini, Hostetter amevaa aproni, Denny anamimina kahawa. Curtis alikuwa anapiga mswaki, na safari hii kifafa hakikubisha hodi. Noreen alisikia kishindo.

Alimkuta amejikunja kati ya beseni na ukuta. Alisubiri. Alihesabu kwa pumzi zake, maana bafuni hakuna saa, na kifafa hakikulegea. Kilikatika kidogo tu, kikarudi kwa nguvu zaidi. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Aliitoa, akaitazama, akairudisha mfukoni. Alivuta shuka la kitanda, akamviringisha juu yake, akaanza kuburuta.

Alimpitisha sebuleni. Alimshusha ngazi za kibaraza moja moja, akikinga kichwa chake kwa mkono, na vifundo vya vidole vyake vikachubuka. Lutz alikuwa anakata majani yake, ambayo baraza limeyawekea kimo. Alizima mashine. Mkono ukaenda mfukoni.

"Usipige, Lutz!" Noreen alipiga ukelele. "Tunavuka! Tazama, tunavuka!"

Alishuka ukingo wa njia akiburuta shuka kinyumenyume. Gari jekundu likafunga breki. Hakuligeukia. Macho yake yalikuwa kwenye mistari ya manjano, akaifikia, akaanza kuipita. Kisigino chake cha kwanza kilikuwa kimekanyaga Orrin alipomwona Bi. Petrakis anakuja mbio na ndara, mikono yote miwili mbele.

"Hapana, mpenzi, hapana! Usimlaze huku!"

"Bibi, nipishe. Hakiishi. Nipishe!"

"Na wao wamepitisha! Juzi, huku kwetu! Sheria ile ile, wameiiga yenu!" Bibi alikuwa analia. "Simu ile ya kwenye majani yangu wamerudi nyuma wakanihesabia mimi. Mzee wangu alipoanguka, wakahesabu ya pili. Nitampeleka wapi yule mzee? Niambie wewe, nitampeleka wapi?"

Aliushika upande mmoja wa shuka. Hakumsukuma Curtis, alishika tu, akakaza. Noreen alivuta. Wanawake wawili waliosaidiana kwa shali majuma machache nyuma walivutana juu ya lami, na Curtis akabaki kati yao juu ya mistari ya manjano, mgongo ukijipinda, dawa ya meno bado kwenye kidevu.

Dereva wa gari jekundu alishuka. Alikuwa mpita njia, mtu wa mbali.

"Mmeshaita gari la wagonjwa?"

Noreen na bibi walizidi kung'ang'ania shuka.

"Mungu wangu, nyie watu! Huyu anakufa!" Alitoa simu yake mwenyewe, akapiga, akaifungulia sauti ili apate mikono ya kumgeuza Curtis ubavu. Sauti ya mwanamke ikatoka, tulivu, ikauliza tatizo. Akaeleza. Ikauliza mahali.

"Barabara ya Kessler. Katikati ya barabara."

"Sawa, bwana. Upande wa Wexley au wa Orrin?"

"Sijui! Mimi napita tu." Dereva aliinua uso akawatazama. "Hapa ni wapi? Semeni basi, hapa ni wapi?"

Miguu ya Curtis ilikuwa bado inapiga lami, lakini taratibu sasa. Noreen aliinua mkono akaonyesha Orrin. Bi. Petrakis, machozi yakimchuruzika hadi shingoni, aliinua wa kwake akaonyesha Wexley.