Mgeuza Kurasa

…polepole mno, anauvuta mno utunzi huu, hapa ni pa kukimbia jamani, pameandikwa pa kukimbia, na aliyepaandika ni yeye mwenyewe, huyu aliyekaa kwenye stuli kushoto kwa binti yake, mkono mmoja ukisubiri kugeuza ukurasa na ule mwingine, wa kulia, umelala pajani tangu kiharusi kiupitie, haujui hata kujikuna, na ulimi nao unamwasha, Mungu wangu unavyomwasha, lakini ahadi ni ahadi, “neno moja tu, baba,” alimwambia leo pale mlangoni, funguo za gari bado mkononi, “ukisema neno moja tu kwenye mazoezi haya nafunga piano naenda zangu, na jioni mtafute mwingine,” naye akaitikia kwa kichwa, mzee mzima, aliyewahi kuwafokea wapiga fidla wenye ndevu zao mpaka wakatokwa na machozi, sasa ameufyata, anameza mate, anahesabu mapigo kimoyomoyo na kila pigo linamchelewea… wanafunzi wake wa zamani ndio waliolitaka onyesho hili, la kumuaga, maana mkono umekwisha na utunzi nao umekwisha, wakauliza huu mkubwa ataupiga nani, kila mmoja akatazama viatu vyake, ndipo binti akasema mimi, hivyo tu, mimi, daktari wa meno anayeshinda kutwa kuchungulia midomo ya watu, na yeye baba mtu akacheka, eti kacheka, mbele ya watu, kwani huyu si alifunga piano yake akiwa bado anavaa sare za shule, akaenda chumbani, asiiguse tena… “Mzee, taa hiyo inakuchoma macho?” fundi wa taa anauliza toka juu ya ngazi, naye anatikisa kichwa, “niishushe kidogo?” anatikisa tena, anamkodolea macho kabisa, nyamaza we mtu utanifukuzia mtoto, “haya, naona leo mzee hataki stori,” na ngazi inalia ikisogezwa, na binti hakugeuka, vidole vinakwenda tu, kwa mwendo uleule wa mtu asiye na pa kuwahi… sare ya shule, ndiyo, sketi ya bluu, miguu haifiki kwenye pedali, naye yuko bafuni ananyoa ndevu, povu hadi masikioni, anapiga kelele, fa kali! ipandishe hiyo fa we mtoto, masikio umeyaacha darasani? anza tena! na mtoto anaanza tena, na tena, na mama yake toka jikoni, “lakini mwenzangu, si umwache hata mara moja afike mwisho,” hakumwacha, hakumwacha hata siku moja, alijiona anamjenga, kumbe… na yeye nani alimjenga, alijifunzia piano ya shule iliyong’oka vibonyezo kama kinywa cha bibi kizee, akapiga kwenye ukumbi wa hoteli watu wakitafuna bila kuinua shingo, akaapa kwamba siku moja hao hao wataacha uma mezani, na wakaacha, ndiyo walikuja kuacha, kwa sababu ya ukurasa huuhuu, kwa mbio hizihizi ambazo huyu leo hazitaki, vidole viliruka, watu wakasimama wakishangilia kabla hata hajamaliza, magazeti yakamwita Upepo na jina likamganda, Upepo leo yuko mji gani, Upepo karudi? hapana, kapita tu, mkewe akiwajibu hivyo wageni mlangoni huku anacheka, kicheko cha kukaza meno, yeye ndiye aliyewahi kumuuliza, amesimama nyuma yake na taulo begani, “mbona hapa unakimbia hivi, nani anakufukuza?” naye akamjibu watu wanakuja kuona vidole mke wangu, we acha tu, na akaacha kweli, hakuuliza tena… mstari wa tatu sasa, bado mistari miwili ndipo ageuze, na binti anaingia pale penyewe, pale penye mbio kuliko pote, na hakimbii, anatembea, na yeye baba amefumba macho kwa hasira, na machoni anauona ukumbi ule wa mbali, pazia, mtu wa jukwaani anamletea simu na uso umemshuka, na sauti ya binti ndani ya simu, “baba, mama ametutoka,” na yeye akasema, kwa mdomo wake huu huu unaowasha, akasema ngoja nimalize kwanza, watu wameshakaa, na akaenda, akapiga mbio kuliko siku zote za maisha yake, watu wakasimama, naye akainama, akainama tena, huku nyumbani mtoto anapokea rambirambi peke yake, anawaambia watu baba yuko njiani… ee Mungu, hakuwa njiani, alikuwa anapigiwa makofi… na hiki nini, hiki kinachosikika chini huku? sauti ya mkono wa kushoto, ya taratibu, inapanda kidogo inashuka, inauliza kitu, haijibiwi, inauliza tena, ameitoa wapi huyu, kaiongeza? hapana, ipo, ni yake, aliiandika kwa mkono wake, anaikumbuka hata kalamu, ila aliipita, siku zote aliipita mbio kama mtu anayempita jirani barabarani bila salamu, hajawahi kuisikia, miaka yote hiyo kaupiga utunzi wake na hajawahi kuusikia, na mtoto huyu ameusimamisha tu ukasema, na fa ile nayo imepigwa kali, safi kabisa, hakuna aliyefoka, na ulimi haumwashi tena… “Mzee!” fundi wa taa tena, kwa kunong’ona, “mzee, karatasi! Hugeuzi?” naye anashtuka, lahaula, kazi moja tu aliyopewa, moja, na mkono bado uko gotini, ukurasa wa zamani bado uko pale pale mbele ya binti, umeisha, umeisha zamani, na muziki haukukatika, unaendelea, vidole viko ukurasa wa pili, viko katikati ya ukurasa wa pili, na macho ya binti hayako kwenye karatasi, hayajawahi kuwa kwenye karatasi, yako mbali huko, anaujua, anaujua wote kwa moyo… na dada yake, wifi wa marehemu mkewe, aliwahi kumwambia kwenye simu, mbona mwanao anashinda kwangu, ananichakazia piano, naye akajibu kwa haraka, ndege inaita, mfukuze akasome… mtoto hakuwa ameifunga piano, alimfungia yeye baba mlango, akaenda kumtafuta baba yake kwenye nyumba nyingine, ukurasa kwa ukurasa, hadi akamjua wote, hata zile sehemu ambazo baba mwenyewe hazijui… basi wa nini? mgeuza kurasa wa nini hapa, kwa mtu asiyesoma kurasa, kamwita kwa nini, kamtoa nyumbani, kamfunga vishikizo vya shati vilivyomshinda, kamketisha karibu hivi hadi mabega yanagusana… anajikaza anyanyuke ageuze, aibu tupu, afadhali kuchelewa, mkono umeshafika kwenye kona ya karatasi, na binti, bila kugeuza kichwa, bila kupunguza wala kuongeza mwendo, anasema, “Acha, baba. Kaa tu.” Na anakaa, anaurudisha mkono, machozi yanamshuka hadi kwenye ndevu naye hayafuti, yule fundi anajifanya kushughulika na waya, bega la mtoto linapanda na kushuka kando ya lake, na utunzi bado mrefu, bado kurasa nyingi, na kwa mara ya kwanza anaomba usiishe haraka…