Gazeti la Baba

Mimi ni msusi, na mikono ya msusi haina likizo. Hicho ndicho kisingizio changu, nakitaja mapema ili tumalizane nacho. Vidole vimejaa mafuta, simu imelala pembeni ya vitana, ujumbe ukiingia najibu kwa kidole gumba kimoja: xawa, cjui, ngj. Wateja wamenizoea hivyo, ndugu zangu pia.

Sasa baba. Baba alikuwa karani wa kupiga chapa kwa miaka thelathini, na kwake simu ni mashine ya kuandikia barua. Ataanza na "Kwako binti yangu mpendwa", ashuke mstari, aulize hali yangu, ya watoto, ya jirani yangu aliyeteguka mguu mwaka juzi, aeleze ya kwake, ndipo aandike "Dhumuni hasa la barua hii." Haachi nukta wala mkato. Kwenye kundi letu la simu, sisi watoto wake, barua hizo zina jina: Gazeti. Jina nililitunga mimi. "Gazeti limetoka," naandika, naweka na vikatuni vya kulia kwa kicheko, na kaka anauliza lina kurasa ngapi leo. Basi tunacheka weee.

Jumatatu lilitoka jingine nikiwa na kichwa cha bibi harusi mikononi. Nikaona "Kwako binti yangu mpendwa", nikaona "mimi sijambo isipokuwa", nikaishia hapo. Nikaandika: "Poa bb. 2ko pmj." Yaani poa baba, tuko pamoja. Nikarudi kwenye utosi wa watu.

Jumatano, saa nane mchana, kaka akapiga. Kaka hapigi simu, kaka huandika, kwa hiyo moyo ukanilipuka kabla sijapokea.

"Uko wapi?"

"Kazini. Nitakuwa wapi tena?"

"Nesi wa kliniki ya macho amenipigia. Baba yuko kwenye benchi lao tangu saa moja asubuhi. Anasema ulikubali kumsindikiza."

"Nilikubali lini mimi?"

"Usiniulize mimi," akasema. "Soma."

Nikalisoma Gazeti nimesimama, mteja kichwa nusu. Chini kabisa, baada ya jirani na mguu wake, baba alikuwa ameandika kwamba Jumatano atatolewa mtoto wa jicho la kulia, kwa kuwa la kushoto lilishazimika. Hospitali haimpasui mtu asiye na ndugu wa kumrudisha nyumbani. Ameniomba mimi, akaandika, kwa sababu nina mkono mwepesi wa kumshika mtu bila kumuumiza.

Nilipofika, benchi zima lilikuwa limebaki na yeye tu, shati limenyooshwa pasi, mfuko wa nguo miguuni. Daktari alishaondoka. Nesi hakujisumbua kunisalimia.

"Nilimwambia tumpigie mtu mwingine, akakataa, mpaka nikaitafuta mwenyewe namba ya kaka yako kwenye faili lake," alisema. "Kila anayepita anamwonyesha simu. 'Binti yangu anakuja,' anawaambia, 'kasema tuko pamoja.'" Kisha akanitajia tarehe nyingine. Miezi mitatu mbele.

Waliokuwa kwenye dirisha la dawa waligeuka wote. Nilitamani ardhi inimeze na mafuta yangu mikononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kazi zilikuzidi, eh?"

Kisingizio alinipa yeye mwenyewe, na mimi, bila haya, nikaitikia kwa kichwa. Njiani alinishika bega, akitafuta ukingo wa barabara kwa ncha ya kiatu.

"Kosa langu," akasema. "Naandika marefu mno, watu siku hizi hawana nafasi. Lakini nesi amenifundisha. Nilikuwa nimekaa tu, nikaona nijifunze."

Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za kufundishia watoto: PMJ, pamoja. XAWA, sawa. NGJ, ngoja. Orodha ilijaa pande zote mbili, maana alinisubiri kwa muda wa saa saba.

Niliisoma pande zote mbili, nikamrudishia. Nikasema, "Sawa, baba." Hata hapo nilijibu kifupi, mwanamke mzima.

Asubuhi yake sikupokea mteja. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikaandika. Kwako baba yangu mpendwa. Nilimuuliza hali, nikamweleza ya watoto, na ya jirani, ambaye mguu wake umepona. Nikamwambia kwamba barua zake nilikuwa sizisomi. Nikamwambia tulizipa jina la Gazeti na aliyelitunga ni mimi. Dhumuni hasa la barua hii, nikaandika, ni kuomba radhi, na kukujulisha kwamba kila Jumapili nitakuja kwako, na siku ya jicho nitakuwa mlangoni kwako kabla hujaamka. Ilinichukua saa nzima. Nikatuma.

Jibu lilikuja upesi kuliko mtu yeyote anavyoweza kusoma, sembuse mzee anayeisogeza simu mpaka puani.

"Poa bnt. 2ko pmj."

Nikageuza kibao cha mlangoni kikasema tumefunga, nikaenda kumsomea mwenyewe, kwa sauti, mpaka na lile neno Gazeti.