Waliombeba Théogène

Mwaka ule wa hamsini na mbili, jina la Straton lilipotajwa kanisani Kashuga, baba yake Mbonigaba alisimama katikati ya ibada akapiga makofi peke yake, mpaka mkewe Verdiane akamvuta koti ili akae. Mtoto wao alikuwa amechaguliwa kwenda kuhubiri Walikale. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alisoma Biblia bila kukwama, na moyoni mwake alikuwa na hakika tangu zamani kwamba jina lake lingetajwa.

Kanisa lao lilikuwa na desturi ya kutuma vijana ambao hawajaoa, wawili wawili, wakakae miaka miwili katika vijiji vya msituni ambako neno lilikuwa halijafika. Masharti hayakuwa mengi lakini yalikuwa magumu. Wavae shati jeupe kila siku. Wasitengane. Wasinywe pombe wala kuzungumza na msichana faraghani. Wasirudi nyumbani kabla ya wakati, hata kama kuna msiba. Mwenzake aliyepangiwa aliitwa Théogène, mtoto wa pekee wa mjane Mukandayisenga, na Straton hakumfurahia hata kidogo. Théogène alikuwa mkubwa kwake, lakini alisoma kwa kufuatisha kidole, alicheka ovyo, na kwaya ilikuwa imemtoa kwa sababu ya sauti yake.

"Utanivumilia tu," Théogène alimwambia siku walipoondoka. "Wewe utahubiri, miye nitapika."

Waliacha vilima vya Masisi, ng'ombe na maziwa na ile baridi ya asubuhi, wakateremka na kuteremka mpaka miti ikafunga njia pande zote. Straton alikuwa amezoea kuona mbali. Kwao, ukisimama mlangoni unaona moshi wa jiko la shangazi yako kwenye kilima cha tatu. Huku jicho lilikuwa linagonga majani. Mvua ilinyesha, ikakatika, na miti ikaendelea kudondosha maji kana kwamba haikupewa habari.

Kijiji walichopangiwa kiliitwa Bisembe. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, kwa sababu serikali ilikuwa imewatoa wenyeji wake, Wanyanga, ndani ya msitu na kuwaamuru wajenge mahali ambapo wangeonekana. Mkuu wa kijiji, kapita aitwaye Kubuya, mzee mwembamba mwenye kofia ya kaki, aliwapa nyumba ya mwisho, ile iliyovuja. Alisema nao jioni hiyo hiyo, amesimama, bila kuketi kwenye kiti walichomtolea.

"Watoto yangu, siwafukuze. Lakini mujue. Wakati ya vita kulikuja hapa watu na kitabu na nyimbo. Walisema wazungu wataenda. Tukaimba nao. Kisha njo askari wakakuja. Wababa wengi wa hapa walienda nao, hawakurudia. Sasa muntu wa Bisembe akiona kitabu, anaona askari nyuma yake."

"Kanisa yetu iko na ruhusa, Papa," Straton alisema. "Tuko na karatasi."

"Karatasi najua. Miye nasema juu ya woga. Woga haijue kusoma."

Basi maisha yao yakawa hivi. Jogoo akiwika walipiga magoti juu ya mkeka. Théogène alisoma mstari kwa kidole chake, Straton akauma midomo ili asimsahihishe. Kisha Straton alikwenda kugonga rimu ya lori iliyoning'inia kando ya kanisa, nalo kanisa lilikuwa paa la majani juu ya nguzo walizozikata wenyewe. Wakangoja. Alikuja bibi mmoja aitwaye Anne, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, akakaa mwisho wa benchi. Walikuja watoto watatu wanne mpaka mama zao walipowaita. Straton akahubiri kana kwamba mbele yake kuna mia tatu. Baadaye walipita nyumba kwa nyumba. Watu waliwasalimia vizuri, wakawapa ndizi, wakasema, "Tumesikia," na kurudi kutwanga mihogo. Mchana waliandaa masomo ya kusoma ambayo hakuna aliyeyahudhuria. Jioni walifua mashati yao meupe, na matope ya Bisembe hayakutoka hata walipoyasugua kwa majivu.

Miezi ikapita namna hiyo. Hakuna aliyebatizwa. Hata Anne, Straton alipomwuliza kama yuko tayari kumpokea Bwana, alijibu kwamba anakuja kwa sababu kwenye kanisa kuna upepo, na nyumbani kwake hakuna.

Théogène yeye alianza kupotea asubuhi. Kila nyumba ya Bisembe ilikuwa na kipande chake cha barabara cha kutunza: kufyeka majani, kujaza mashimo, kufungua mifereji. Mwisho wa kila mwezi msimamizi wa serikali alipita akikagua, na ole wake mwenye majani marefu. Siku moja Théogène alirudi saa sita, shati limekuwa rangi ya udongo, akicheka peke yake.

"Ulikuwa wapi?" Straton alimwuliza.

"Barabarani. Mubalama iko na kidonda ku mguu. Nilimushikia kipande yake."

"Tulisema hatutatengana. Na hatukutumwa huku kulima barabara."

"Tulitumwa kufanya nini?"

"Kuhubiri."

"Hubiri basi, kaka. Miye nakukataza?"

Straton hakumwongelesha tena mpaka kesho yake jioni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba watu walianza kumwita Théogène kutoka milangoni, wakimtania kwa Kinyanga, naye akiwajibu kwa Kinyanga kilichovunjika vunjika, wakacheka pamoja. Straton akipita yeye, walinyoosha mgongo na kusema, "Jambo, Mwalimu."

Mvua za mwaka wa pili zilipokuja, Théogène aliugua. Mwanzoni ilikuwa homa kama homa zote, na walikuwa na vidonge vya misioni. Vidonge vikaisha. Homa ikakaa. Asubuhi moja Straton aliona macho ya mwenzake yamekuwa manjano, na alipompeleka nje kwa kumshika kwapa, mkojo uliotoka ulikuwa mweusi kama kahawa. Alimlaza, akatoka mbio bila kufunga vifungo vya shati.

Wanaume wote walikuwa barabarani. Straton, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya benchi tupu, alisimama pale akipumua, akashindwa kuanza.

"Théogène anakufa," akasema mwishowe. "Sina njia ya kumufikisha ku dispanseri."

Dispanseri ilikuwa Walikale mjini, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Malori hayakupita tena kwa sababu ya matope. Kapita Kubuya alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Musimamizi anakuja wiki hii," alisema. "Akikuta barabara haiko na watu, unajua itakuwa nini."

"Najua, Papa."

Kisha Mubalama aliweka panga lake begani, akaingia msituni akichechemea, na wakasikia akikata mti. Mwingine akamfuata, halafu wawili wengine. Walirudi na miti miwili mirefu na kamba za msituni, wakafunga kipoyi cha kumbebea mgonjwa pale pale barabarani. Kapita aliwatazama tu, hakuwaruhusu wala hakuwakataza.

Walimbeba mabegani wakibadilishana, matope yakiwafika magotini, na Straton nyuma yao na mzigo wa nguo na Biblia. Usingizi ulipomwachia, Théogène alizungumza nao kwa Kinyanga. Mara moja alisema kitu kilichowafanya wote wanne wacheke, hata ikabidi washushe kipoyi wapumzike. Straton hakuelewa alichosema. Alitaka kuuliza, akaona haya.

Siku ya pili, kabla ya jua kusimama, walifika kwenye kijito, wakamweka chini ili wamnyweshe. Maji yalitoka pembeni mwa mdomo wake. Mubalama aliweka kiganja kifuani kwake kwa muda mrefu, kisha akamtazama Straton na kutikisa kichwa.

Hawakumwacha pale. Walimbeba mpaka Walikale, wakachimba kaburi wao wenyewe kwenye makaburi ya kando ya mji, kwa majembe ya kuazima, mvua ikiwanyeshea. Straton alisoma maneno ya ufufuo. Aliyajua kwa kichwa tangu utoto. Siku hiyo aliyasikia yakitoka mdomoni mwake kama maneno ya mtu anayeagiza chumvi dukani, na ilimtisha kwamba hakulia.

Waliporudi Bisembe, msimamizi alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa barazani kwa Kubuya, na askari wawili wamesimama. Wale wanne waliitwa kwa majina ya ukoo, wakaambiwa walale barabarani, mbele ya wake zao.

Straton alikwenda mbele. "Bwana, niko nabeba kosa hii miye. Walibeba mugonjwa yangu. Walimuzika. Kama ni fimbo, nipigeni miye."

Msimamizi alitazama shati lake jeupe lililokuwa na udongo wa kaburi. "Waliomba ruhusa kwa nani?"

"Muntu alikuwa anakufa, Bwana."

"Na sasa iko muzima?" Msimamizi akageuza uso. "Wewe ni muntu wa Mungu. Kaa pembeni."

Straton akakaa pembeni. Baadaye, kwa miaka mingi, hilo ndilo lililomrudia hata akiwa shambani: kwamba aliambiwa akae pembeni, na akakaa. Fimbo ilipiga. Mubalama hakutoa sauti. Aliyekuwa mdogo kuliko wote wanne alilia akimwita mama yake. Kubuya akanyang'anywa kofia ya ukapita siku hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata Straton aligonga rimu. Hakuna aliyekuja, hata watoto. Jua lilipopanda aliona Anne akija polepole, akipapasa njia kwa fimbo yake. Hakukaa kwenye benchi.

"Mutoto yangu," alisema, "sikuja kusikia. Nilikuja kukuambia uende kwenu."

"Wamenikasirikia, Mama?"

"Hapana. Hawana hasira na wewe. Lakini ukiwa hapa, watakufanyia tena wema. Ukigonjwa, watakubeba. Na hawana mugongo ingine."

Mchungaji Séraphin wa kanisa lao alipofika mwezi uliofuata, aliketi katika kanisa lile, akatazama mabenchi ambayo mchwa walikuwa wameyaanza, akauliza maswali machache. Kituo kitafungwa, alisema. Kulikuwa na mahali pengine palipoitikia neno vizuri.

"Na watu wa hapa, Muchungaji?"

"Mungu anawajua," Mchungaji alisema, akasimama, akakung'uta suruali.

Nyumbani Kashuga, Mbonigaba alimpokea mtoto wake njiani, akamtua mzigo, akaubeba mwenyewe mpaka mlangoni. Verdiane alimpa maziwa. Straton aliyanywa yote, akaomba radhi, akatoka kwenda kwa Mukandayisenga kabla ya jua kuchwa, maana alijua asipokwenda siku hiyo hataweza tena.

Mjane alikuwa uani, amekunja miguu, anaambua maharagwe kwenye ungo. Habari ya kifo ilikuwa imemfikia zamani kwa kinywa cha Mchungaji. Alimwonyesha Straton kigoda, akaendelea na maharagwe.

"Niambie watu waliomusikia mutoto yangu," alisema. "Wale waliookoka kwa mudomo yake. Nataka kujua aliacha nini."

Straton angeweza kusema chochote. Ukimwacha Mchungaji, hakuna mtu mwingine wa Kashuga aliyewahi kufika Bisembe.

"Hakuna, Mama. Hakuna hata moja."

Mikono ya Mukandayisenga ilisimama.

"Hata moja?"

"Hata miye hawakunisikia. Lakini walimupenda. Alipougua, wanaume wane walimubeba ku mabega mpaka Walikale. Walimuchimbia kaburi. Walichapwa fimbo juu ya ile."

Mjane akafuta mikono kwa kitambaa chake cha kiunoni, kidole kimoja kimoja.

"Majina yao?"

"Mubalama," Straton alisema haraka. "Na Amisi." Akafungua mdomo aendelee, na hapakuwa na kitu. Aliwaona wawili wale waziwazi: mmoja kifua kipana, mwingine yule mdogo aliyemwita mama yake. Alikuwa amepita milangoni mwao kwa zaidi ya mwaka, akiwaletea habari za uzima wa milele. Hata siku walipoitwa walale barabarani, alisikia majina ya ukoo yakipita, na hayakushika.

"Wengine sikujua, Mama. Théogène njo alijua."

"Nilitaka kuwaombea," Mukandayisenga alisema, si kwa hasira. "Muntu asiye na jina namuombea namna gani?"

Straton alikaa mpaka giza lilipoingia, akisaidia kuambua maharagwe.

Mwaka uliofuata mchuuzi mmoja wa mafuta ya mawese alipitia Masisi akitokea msituni. Straton alimwuliza habari za Bisembe. Mchuuzi alisema hakuna kijiji cha jina hilo. Watu wa pale walihamishwa kwenda kufungua barabara nyingine, upande wa magharibi, na nyumba zao zimekwisha kuliwa na majani. Straton alinunua mawese asiyoyahitaji, akaenda zake. Kanisani alikaa nyuma, na walipomwomba asome, alisema macho yanamsumbua.

Mukandayisenga yeye aliendelea kuomba kila jioni, kwa sauti, mlango wazi, jirani wakimsikia. Alimtaja Mubalama, akamtaja Amisi, akanyamaza kidogo, kisha akasema amina.