Mioyo Sita na Chupa ya Kioo

Kwa miaka kumi na mmoja, kazi ya kufunga mioyo katika maabara yetu ilikuwa yangu. Moyo wa panya, usiozidi ukubwa wa tende, hutundikwa kwenye mrija wa chuma na kukazwa kwa uzi wa hariri penye mshipa wake mkuu, kisha hunyweshwa maji ya chumvi na sukari, yenye joto la mwili na oksijeni ya kutosha. Ukifungwa vizuri hupiga wenyewe, bila mwili wala mwenye mwili. Hapo tunaubania maji kwa nusu saa, ubakiwe na sehemu moja tu ya kumi, kama moyo wa mtu ambaye mishipa yake imeziba. Baadaye tunayafungulia na kupima ni nguvu kiasi gani imerudi.

Mimi nilihitaji dakika mbili kuufunga. Akaja msichana tuliyemwita Mwepesi, akafunga kwa sekunde hamsini huku akisimulia habari za shangazi yake.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliugua. Profesa alianza kuwaita wageni wa idara waje kuitazama mikono ya Mwepesi. Yangu haikuwahi kuitiwa mtu. Hayo ningeyameza. Lililonikwama kooni ni swali. Baada ya chakula, utumbo hutoa homoni ndogo, mnyororo mfupi wa chembe za protini, kuuarifu mwili kwamba sukari inakuja. Je, homoni hiyo ingeweza kuusaidia moyo uliopungukiwa damu urudishe nguvu zake? Swali hilo nililiuliza mimi, kikaoni, miaka minne iliyopita. Profesa alisema, "Tutaona." Alipoliona, alimpa Mwepesi.

"Mwanangu," aliniambia fundi wa mitambo, mzee tuliyemwita Babu Mirija, "unavyoitazama mikono ya mwenzako, mtu atadhani amekuibia mchumba."

"Babu, tengeneza pampu yako."

"Pampu ni nzima. Kinachovuja ni kingine."

Jumatatu nilimwona Mwepesi akiyeyusha homoni yake na kuimimina katika chupa ya kioo, ilale humo mpaka kesho. Aliyewahi kushika homoni za aina hii kwa kipimo kidogo kama kile anajua kwamba hunata kwenye kioo. Kufika asubuhi, homoni iko kwenye kuta za chupa, na kinachomiminika ni kama maji matupu. Ndiyo maana tunaiweka kwenye plastiki, pamoja na protini kidogo ya damu inayowahi kuzishika kuta kabla yake. Mwongozo wa maabara haulisemi hilo. Mwongozo niliuandika mimi, na nililiacha kwa kudhani kwamba hakuna asiyelijua. Nilifungua mdomo nimwambie. Profesa akapita, akamgusa bega, akamwambia, "Wewe ndiye mkono wangu wa kulia." Nikaufunga.

Jumanne mioyo miwili, Jumatano miwili, Alhamisi miwili. Yote ilirudisha asilimia arobaini hivi ya nguvu, sawa na mioyo isiyopewa kitu. Nakiri kwamba kila namba ilipotokea kwenye skrini, kitu ndani yangu kilikaa kitako na kunyoosha miguu.

Alasiri ya Alhamisi alinifuata penye sinki. "Dada, nimegonga ukuta. Profesa anasema kesho kama hakuna jipya, mada inafungwa, mtambo anapewa mwingine. Nakosea wapi?"

"Mikono yako haina kosa," nilimjibu, na hilo lilikuwa kweli. "Labda homoni yenyewe haina kazi."

"Basi wewe ukisema, yamekwisha," alisema, akaenda kuandika.

Ijumaa asubuhi aliniletea ripoti. Hitimisho lilikuwa fupi: homoni haina athari. Juu yake kulikuwa na jina langu, likitangulia la kwake.

"Hili ni nini?"

"Nimesoma mihtasari ya vikao vya zamani. Kumbe swali ni lako! Profesa mwenyewe alikuwa amesahau. Nikamwambia, haiwezekani, dada atangulie."

Nilichokililia kwa miaka minne kilikuwa mkononi mwangu, kimekufa, na aliyekiua ni mimi. Hata hivyo hisia ya kwanza haikuwa aibu. Ilikuwa wivu tena, na mkali zaidi: hata kwa wema alikuwa amenipita.

"Usiipeleke," nilisema. "Yeyusha upya, kwenye plastiki." Nikamweleza habari ya kioo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umelijua lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii hii."

Hakupaza sauti. "Panya sita, dada," alisema, akaenda kuvaa glavu.

Homoni niliitengeneza mimi. Moyo aliufunga yeye, safari hii bila hadithi ya shangazi. Nusu saa ilipotimia tukafungulia maji. Moyo ulitetemeka, ukaruka mapigo mawili, ukashika mwendo. Asilimia hamsini na mbili. Sitini. Sabini na moja. Babu Mirija alipiga makofi. Moyo mmoja si ushahidi, lakini mada haingefungwa siku ile. Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nikiitazama mikono ya Mwepesi.

Alifuta mikono hiyo, akafungua daftari la maabara, akaikata kwa mstari mioyo sita, mmoja mmoja. Kisha akanisogezea kalamu.

"Profesa anakuja kulisoma saa nane. Sababu iandike wewe."

Niliandika: *Homoni ilinata kwenye chupa ya kioo.*

Akainama, akasoma. "Hiyo ni nusu," alisema, akavuta kiti, akakaa kando yangu kusubiri.

Nikaichukua kalamu tena, nikaandika kwamba niliiona chupa Jumatatu na sikumwambia.