Mofa za Vikapu Viwili

Mwaka ule wa sitini na moja, kati ya uchaguzi wa Januari na ule wa Juni, mtu wa mji wa Mkoani hakuulizwa tena anapenda kula nini. Aliulizwa anakula wapi. Jibu lake lilitosha kujulisha ni wa chama gani, nani atamwitikia salamu, na nani atakuja akifiwa.

Kwenye mlima unaopanda kutoka bandarini palikuwa na mikahawa miwili inayotazamana. Mmoja ni wa Mzee Shaame, aliyejulikana kwa supu ya pweza. Wa pili ni baraza ya Bi Mwanamize, mjane, aliyejulikana kwa maharage ya nazi, kahawa na kashata. Zamani watu walikunywa supu kwa Shaame, kisha, jasho la pilipili likiwa bado puani, wakavuka barabara kuishushia kwa kahawa ya Mwanamize. Sasa kuvuka barabara ile ilikuwa ni kuhama chama.

"Pweza wa kule analainishwa kwa magadi," walisema waliokaa kwa Mwanamize.

"Kahawa ya kule ni kokwa za tende zilizounguzwa," walijibu waliokaa kwa Shaame.

Na pande zote mbili zilikubaliana kwa jambo moja tu, kwamba mofa za wenzao, ile mikate ya mtama, hazimezeki.

Maneno hayo yakitajwa, Mwatum huinamisha uso. Mofa za pande zote mbili alizioka yeye.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mwenye haya hata akisalimiwa huvijibu vidole vyake vya miguu. Aliacha skuli darasa la nne, baba yake alipofariki, na tangu hapo yeye na mama yake, Bi Moza, waliishi kwa tanuri ya udongo iliyokuwa uani. Moshi ulikwisha kukibana kifua cha mama, basi kazi ikawa ya Mwatum. Alfajiri hukata madonge ya unga wa mtama uliolala ukachachuka, akayapaka bizari nyembamba, akayabandika ubavuni mwa tanuri kwa kiganja. Mofa zikiiva huzigawa kwenye vikapu viwili. Kikapu chekundu kilikwenda kwa Shaame kwa njia ya msikitini. Kikapu cheupe kilikwenda kwa Mwanamize kwa njia ya migombani. Kila mmoja aliamini kwamba mofa zile ni zake peke yake.

"Wewe si msemaji," mama yake alimwambia. "Kama huna la kusema, basi na leo usilipate. Unamjua Mabruki wa Mgogoni?"

Mwatum alimjua. Mabruki alipeleka mihogo pande zote mbili. Alipogunduliwa, kila upande ulisema ametumwa na upande wa pili kuja kuwadhuru. Mihogo ilimwozea, na hakuna aliyempa hata maji.

Jumatatu moja Mwatum aliteremsha kikapu cheupe barazani kwa Bi Mwanamize. Kwenye benchi la mbele alikuwepo Kificho, hamali wa bandarini, ambaye hakuna aliyewatukana wa ng'ambo ya barabara kwa sauti kubwa kuliko yeye. Kificho hakujua kusoma, lakini gunia likishushwa angekwambia ni la nani kwa namna lilivyoshonwa mdomo. Aliokota mofa moja. Hakuila. Aliigeuza, akaitazama mgongoni, akaipitishia kidole gumba polepole.

"We mwana, hizi mwazioka nyinyi wenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Na mwengine anayeoka mofa mjini hapa ni nani?"

"Sijui."

"Hujui! Tanuri zinazotoa moshi Mkoani ni ngapi hata usijue?"

"Kificho, mwache mtoto wa watu," alisema Bi Mwanamize huku akimimina kahawa. "Wewe ukiona msichana ana haya, unadhani umeshika mwizi."

Watu wakacheka. Kificho hakucheka. Aliifunga ile mofa kwenye pembe ya shuka yake, akaondoka bila kumaliza kahawa.

Kesho yake Mwatum alimkuta njia ya msikitini, amesimama, hasali wala hapiti. Alikitazama kikapu chekundu mpaka kikapotea. Jumatano alimwona nyuma ya ua wao, ananusa moshi.

"Amekuuliza nini tena?" mama yake aliuliza.

"Leo hakuuliza kitu."

"Hakucheka?"

"Hakucheka."

"Basi tumekwisha," alisema Bi Moza.

Usiku hawakulala vizuri. Asubuhi Mwatum alizinyunyizia ufuta mofa za Bi Mwanamize, za Shaame akaziacha kavu, ili zisifanane. Wateja waliupenda ufuta. Kificho aliipindua yake tu, akatazama mgongo kama kawaida.

"Ufuta huu umeanza lini?"

"Leo, baba."

"Mh."

Alasiri ile ile walisikia hodi. Kificho aliingia uani na furushi kwapani, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa hapakuwa na kiti chengine, akafungua furushi na kutandaza mofa mbili.

"Hii nimeitoa kwa Mwanamize. Hii abiria aliisahau juu ya gunia la karafuu, na nilimwona kwa macho yangu akitoka nayo kwa Shaame. Zitazameni mgongo."

Mgongo wa kila mofa ulikuwa na mashimo madogo manne ya vidole. Matatu yalinyooka. La nne lilikwenda upande. Mwatum aliuficha mkono wa kulia ndani ya kanga. Kidole chake cha shahada kilipinda tangu alipoanguka kutoka kwenye mkarafuu akiwa na miaka tisa. Kila siku alikuwa akizibandika mofa tanurini na kuzitia alama yake, na hata siku moja hakuiona, kwa vile alizoea kuitazama.

"Gunia ni gunia," alisema Kificho. "Mshoni ndiye anayejulikana."

Bi Moza alikohoa, kisha akanyooka. "Kificho, tuna tanuri hii tu. Ukitaka kusema, tuambie sasa, tusiroweke unga wa kesho."

Kificho alitazama mlango.

"Una komeo huu?"

"Wa nini?" Bi Moza aliuliza, mkono wake ukiutafuta mchi wa kinu.

"Funga kwanza."

Mwatum alifunga. Kificho alisogeza mbuzi mbele, akashusha sauti.

"Wewe, kwa Shaame unaingia mpaka jikoni?"

"Mpaka jikoni."

"Pweza bado anamtwanga kwanza kabla hajamchemsha?"

"Ndiyo."

"Na ndimu? Bado anaitia mwisho, chungu kikishaipuliwa?"

"Ndiyo, baba."

Kificho alimeza mate. Mwatum aliyasikia yakishuka.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne, Bi Moza, sijaionja. Napita pale na gunia mgongoni, miguu yaenda bandarini, pua yaenda kwa Shaame." Akatoa chini ya shuka bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, lililozibwa tundu kwa risasi iliyoyeyushwa. "Nitilieni humu. Liwekeni chini ya mofa."

"Si wewe uliyesema pweza wa kule ana magadi?"

"Nilisema. Ningesema nini, na watu wasikiliza?"

Bi Moza aliuachia mchi. Lakini Mwatum hakuamini. Mtu aliyemfuata siku nne kama paka anayefuata samaki, je, asingeweza kulibeba bakuli lile mpaka barazani na kusema, haya, tazameni nani anavuka barabara?

"Utainywea hapa," alisema, na mama yake akageuka kumtazama. "Hapa hapa uani, mama akikuona. Bakuli lenye supu halitoki."

Kificho alimtazama. "Kumbe una mdomo," alisema. "Haya. Hapa hapa."

Asubuhi Mwatum aliingia jikoni kwa Mzee Shaame na kikapu chekundu, akatoa lile bakuli.

"Shikamoo. Mama anaomba supu kidogo."

"Marahaba. Mama yako?" Shaame aliacha kuchochea moto. "Moza akila pweza huvimba mwili mzima tangu ni msichana. Tumekulia mtaa mmoja."

Mwatum alivitazama vidole vya miguu. Shaame alilichukua bakuli, akaligeuza, akaligusa pale palipozibwa risasi. Kisha akatazama nje, barazani kwa Bi Mwanamize, ambako tayari sauti ya Kificho ilikuwa ikiwatukana watu wa ng'ambo. Moyoni Mwatum aliona tanuri yao imekwisha kuzimika.

Shaame alichota supu. Alichagua ncha za mikono ya pweza, zile laini. Akakamua ndimu mbili. Mkono wake ulifika kwenye pilipili, ukairuka.

"Mama yako," alisema taratibu, "pilipili haimpendi."

"Ndiyo."

"Na siku hizi amekuwa na kelele mno, mama yako. Atupigia kelele kutwa."

"Ndiyo, Mzee Shaame."

Saa nne Kificho aliinywa supu ile uani, uso ukutani. Alipomaliza aliliosha bakuli mwenyewe, akatia ndani kashata nne za Bi Mwanamize, akamkabidhi Mwatum. "Lirudishe kule. Sema zimetoka kwa mama yako."

Kesho yake Mzee Shaame alifunika mdomo wa bakuli kwa kiganja, akaenda kufunga dirisha la jikoni. Akaitafuna kashata moja, amekunja uso.

"Zina mchanga," alisema. "Ndiyo kawaida ya upande ule."

Akatia ya pili mdomoni, na ya tatu. Ya nne aliishika, akakitazama kikapu, akamtazama Mwatum.

"Hebu niambie, mwanangu," alinong'ona. "Na kahawa? Ukiitia humo, chini ya mofa, haimwagiki?"